Kujua Jibu na Kujua Sababu

Liko swali la zamani katika falsafa ya elimu ambalo sisi waalimu wa Kiswahili tunakutana nalo kila siku darasani, ingawa mara nyingi hatulitaji kwa jina lake. Je, mtu atoaye jibu sahihi kila aulizwapo, lakini asiweze kueleza kwa nini jibu hilo ni sahihi, tuseme kwamba anajua? Katika makala haya tumeona yafaa kulikabili swali hilo kwa njia ambayo huenda ikaonekana ni ya mbali, yaani mchezo wa sataranji na jinsi kompyuta zinavyoucheza unapokaribia kwisha. Baada ya hapo tutaangalia michezo ya kwetu, na kisha tutafika Rumonge, kwenye pwani ya Burundi ya Ziwa Tanganyika, ambako swali hilo hilo lina sura yake.

Sataranji ni mchezo mpana mno. Mwaka 1950 mtaalamu Claude Shannon wa Marekani alionyesha kwamba mashine haiwezi kamwe kuchunguza michezo yote iwezekanayo, kwa kuwa idadi yake haina mfano. Lakini vipande huliwa na kutolewa ubaoni, na vinapobaki vichache hali hubadilika. Hapo wataalamu walibuni njia ya kinyumenyume. Hawaanzi mwanzo wa mchezo, bali mwisho wake. Kwanza kompyuta huorodhesha kila hali ambayo mfalme amekwisha kunaswa. Kisha hurudi nyuma hatua moja, ikazitia alama hali zote ambazo mchezaji mwenye zamu anaweza kumnasa mfalme mara moja. Hurudi tena nyuma, ikatafuta hali ambazo anayeshindwa hana pa kukimbilia, kwa kuwa kila hatua yake yampeleka kwenye hali iliyokwisha kutiwa alama. Huendelea hivyo mpaka pasiwe na hali mpya ya kuongeza. Zile zisizopata alama ni za sare. Mwishoni hupatikana jedwali ambalo kwa kila hali husema nani atashinda na kwa hatua ngapi. Jedwali hilo halikisii wala halikosei.

Majedwali hayo yaliwafedhehesha mabingwa. Mwaka 1977 Ken Thompson alitengeneza jedwali la mfalme na malkia dhidi ya mfalme na ngome. Vitabu vilikuwa vimesema kwa muda mrefu kwamba mwenye malkia hushinda, na wachezaji wakubwa waliona kazi hiyo si ngumu. Walter Browne, bingwa wa Marekani, alikubali kucheza upande wa malkia dhidi ya mashine. Kanuni humpa mchezaji hatua 50 bila kipande kuliwa wala kitunda kusogezwa. Zikipita, mpinzani aweza kudai sare. Mara ya kwanza Browne alishindwa kumaliza ndani ya hatua hizo, kwa sababu mashine ilijitetea kwa namna ambazo hakuna kitabu kilichozifundisha. Alikwenda akajifunza, akarudi, na mara ya pili akafaulu kwa hatua ya 50 hasa.

Mfano wa pili wagusa heshima ya vitabu wenyewe. Mwaka 1851 Kling na Horwitz walieleza kwamba farasi mmoja, akijipanga vizuri karibu na pembe ya ubao, aweza kuwazuia maaskofu wawili, na mchezo ukawa sare. Wachezaji waliliamini neno hilo kwa zaidi ya miaka 130. Mwaka 1983 jedwali la Thompson lilionyesha kwamba maaskofu hushinda, ingawa pengine huhitaji hatua 66. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moscow walikamilisha majedwali ya vipande 7, wafalme wakihesabiwa humo, na ikaonekana hali moja ambayo ushindi wake wataka hatua 549. Wataalamu walizitazama hatua hizo bila kuona mpango wala shabaha ndani yake. Kila hatua ni sahihi, na hakuna awezaye kusema kwa nini.

Sasa tuulize: jedwali hilo lajua? Wako watakaosema kwamba lajua kuliko sisi sote, maana elimu ni kupata ukweli, na lenyewe halikosi ukweli hata mara moja. Hoja hiyo ina nguvu, na haifai kuidharau. Lakini tuweke kipande cha nane ubaoni. Hapo jedwali hunyamaza. Halipungukiwi kidogo, wala halijaribu. Halina neno hata moja la kusema. Browne, aliyeshindwa mara ya kwanza, aliweza kutazama alikokosea, akaokota fundisho na kulichukua kwenda nalo kwingine. Jedwali halina fundisho la kuchukua, kwa sababu lina majibu matupu.

Michezo ya kwetu yatupa ushahidi wa kuongezea hapo. Katika awari ya Afrika ya Magharibi, yenye kete 48, kete zinazotekwa hutolewa ubaoni. Kwa hiyo mwisho wake hupungua kama wa sataranji, na mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliumaliza mchezo mzima kwa njia ya kinyumenyume. Walizichunguza hali zaidi ya bilioni 889 wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Lakini katika igisoro, mchezo wa Burundi na Rwanda, na katika bao la Waswahili, mambo ni mengine. Kete za igisoro ni 64 katika mashimo 32, na anayeteka huzipanda tena upande wake. Hakuna kete itokayo ubaoni. Zilizokuwapo mwanzoni ndizo zilizopo mwishoni, na anayeshindwa hushindwa kwa kukosa shimo la kuchezea huku kete zote zikiwa bado ubaoni. Hapo hakuna mwisho mdogo wa kuanzia safari ya kurudi nyuma. Mchezaji humalizia kwa busara ile ile aliyoanzia.

Twafikiri kwamba lugha imefanana zaidi na ubao huo wa kete zisizopungua. Tuchukue mtoto aliyezaliwa Rumonge, akalelewa karibu na soko la mawese na ndagala, akakisikia Kiswahili tangu akiwa mgongoni mwa mama. Husema “vitu vyangu” bila kusita. Ukimwuliza kwa nini hakusema “vitu zangu”, atakutazama tu na kucheka. Je, mtoto huyo ni sawa na jedwali? Hapana. Neno jipya likimfikia leo, kesho atalipatanisha na maneno mengine bila kufundishwa. Ndivyo wasemaji wa Kiswahili walivyolipokea neno “kitabu” kutoka Kiarabu. Katika Kiarabu ile “ki” ni sehemu ya neno lenyewe, lakini wao waliifanya kiambishi wakapata “vitabu”. Hakuna aliyewaandikia jibu hilo. Kumbe mtu aweza kujua pasipo kuweza kueleza, na alama ya kujua kwake ni kulikabili lisilowahi kumfikia.

Lakini mwalimu hawezi kutosheka na elimu ya mtoto huyo. Tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haja ya Kiswahili imekua, na darasa moja laweza kuwa na mtoto wa pwani pamoja na mtoto wa milimani ambaye nyumbani kwao husikika Kirundi peke yake. Huyu wa pili atauliza: kwa nini “vyangu”? Akijibiwa kwamba ndivyo isemwavyo, amepewa mstari mmoja wa jedwali. Ataukariri, na kesho atakwama kwenye neno lingine. Akiambiwa atazame lugha yake mwenyewe, ambamo “ikintu” huwa “ibintu” na husemwa “ibintu vyanje”, mara hiyo amepewa daraja. Ataona kwamba jambo alilolidhani geni lilikuwa kinywani mwake siku zote. Sababu ndiyo iliyomvusha. Jibu tupu lingemwacha ng'ambo.

Haifai, hata hivyo, tujifariji kwa urahisi. Mashine za siku hizi si majedwali peke yake. AlphaZero, iliyotangazwa mwaka 2017, ilijifunza sataranji kwa kucheza na nafsi yake, na huzikabili hali ambazo haikuwahi kuziona. Basi ile alama tuliyoitaja, ya kukabili jambo jipya, haitoshi tena kumtenga mtu na mashine. Pengine haina haja ya kututenga. Kinachobaki hakihusu werevu, bali wajibu. Mwenye kushinda mchezo hadaiwi maelezo na mtu yeyote, kwa kuwa ushindi wake wamtosha. Mwenye kufundisha hudaiwa, kwa sababu mwanafunzi amemwamini na ana haki ya kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na anayeulizwa naye ana deni.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo lina sehemu mbili. Anayetoa jibu sahihi asiweze kulieleza aweza kuwa anajua, kama mtoto wa Rumonge anavyojua, mradi elimu yake haifi mbele ya jambo jipya. Lakini kumfundisha mwenziwe bado hajaweza. Hatari inayotukabili ni kuzoea majibu ya mitihani yaliyokwisha kupangwa, tukayagawa kama kete, na tukahesabu alama tukidhani tumehesabu elimu. Mwanafunzi wa namna hiyo hung'ara mpaka kipande cha nane kiwekwe ubaoni. Basi waalimu wenzetu, tusahihishapo daftari, tusiishie kuuliza kama jibu ni sahihi. Tumwite mwanafunzi aliyepata, si aliyekosa tu, na tumwombe atuambie alifikaje hapo. Akishindwa kutueleza, tusimpokonye alama yake. Bali tujue kwamba kazi yetu kwake haijakwisha.