Tembea kwenu uone

Wakazi wengi wa miji midogo ya milimani huwaachia watalii njia zao wenyewe. Chukua Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Wageni hutoka Ulaya, wakapanda barabara ya kona kali kutoka Mombo, ili watembee kwa miguu hadi Irente na kuitazama nyika ya Mazinde kule chini, barabara kuu ikionekana kama uzi. Muuza duka aliyezaliwa mjini hapo anaweza kumaliza mwaka hajakanyaga huko, na ni mwendo usiofika saa mbili.

Kwenye milima hiyo ndiko lilikotoka ua dogo la zambarau ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia mwaka 1893. Leo linapamba madirisha ya nyumba nyingi duniani. Kwao hasa huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, mahali ambapo bodaboda haifiki.

Njia hizo za milimani si za kustarehe tu. Ndizo wanazopita akina mama wakipeleka kabichi na mapeasi sokoni. Ukizipita utajua chemchemi ipi imepungua maji, tuta lipi limemomonyoka na miti imekatwa wapi. Mwenyeji asiyetembea husimuliwa habari za kwao na wapita njia.

Jumamosi hii vaa viatu imara, beba maji, muulize mzee njia. Na msalimie kila unayekutana naye. Ukipita shambani kwa watu, salamu ndiyo hodi.