Uwiano Darasani: Hesabu Tupu au Haki?

Mwanafunzi afikapo madarasa ya kati hukutana na mambo matatu ambayo vitabu huyaweka katika sura mbalimbali: uwiano, maumbo yanayofanana na asilimia. Mwalimu huandika kanuni ubaoni. Wanafunzi huinakili, wakazidisha huku na kugawanya kule, hata jibu likapatikana. Swali tunalotaka kuliweka mbele ya walimu wenzetu ni hili: je, mtoto aliyepata jibu sahihi amekwisha kuujua uwiano? Nasi tunaofundisha Kiswahili, je, jambo hilo latuhusu?

Sisi twaona kuwa latuhusu, na tuanze na neno lenyewe. Katika lugha yetu adaiye huitwa mwia, naye adaiwaye huitwa mwiwa. Kuwiana ni kudaiana. Uwiano, basi, ni jirani wa deni. Kabla ya kuuliza ni ngapi, neno hili latutaka tuulize nani anastahili nini, na kwa kipimo gani.

Tuchukue mfano mwepesi. Watu watatu wamelima shamba kwa ujira wa 60,000. Wa kwanza alifanya kazi siku 2, wa pili siku 3, wa tatu siku 5. Wakigawana sawasawa, kila mmoja atapata 20,000. Wakigawana kwa siku, watapata 12,000, 18,000 na 30,000. Migawanyo yote miwili ni sahihi kwa hesabu. Ipi ni ya haki? Na kama yule wa siku 2 aliugua kazini? Kanuni ya ubaoni haina la kusema hapo. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alikwisha kueleza kwamba haki katika ugawaji ni namna ya uwiano, na kwamba watu hukubaliana kuwa kila mtu apewe kwa kadiri ya kustahili kwake, ila hawakubaliani kustahili huko ni kwa nini: kwa uhuru, kwa mali, au kwa wema.

Hata hivyo, tusiudharau uwiano, kwa maana mara nyingi umeokoa udugu. Mafakihi wa Kisunni katika elimu ya mirathi walikabiliwa na tatizo hili: mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Fungu la mume ni nusu, na la dada wawili ni theluthi mbili. Mafungu hayo yakijumlishwa huipita mali yenyewe, kwani ni saba juu ya sita! Kama urithi ni 420,000, mume angedai 210,000 na dada 280,000, jumla 490,000. Hawakumchagua mmoja wa kudhulumiwa. Kwa njia iitwayo aul waliigawa mali mafungu 7, mume akapata 3 na dada 4, yaani 180,000 na 240,000. Kila mmoja amepunguziwa kwa kadiri ileile, wala hapana aliyebeba upungufu peke yake.

Katika maumbo yanayofanana fundisho ni jingine. Shamba la mita 20 kwa 30 lina mita za mraba 600. Tukizidisha kila upande mara mbili, eneo huwa 2,400, yaani mara nne. Mtoto asiyelijua hili ataamini kuwa aliyeongezewa pande mara mbili kaongezewa ardhi mara mbili tu, na kwa imani hiyo anaweza kupunjwa. Tena ramani ya dunia aliyoichora Gerardus Mercator mwaka 1569 iliwafaa mabaharia kwa kuwa hutunza pembe za mwelekeo. Lakini kipimo chake hukua kadiri tunavyokwenda mbali na ikweta. Ndiyo maana Greenland huonekana kuikaribia Afrika kwa ukubwa, hali Afrika ni takriban mara 14 yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pekee, yenye kilomita za mraba zipatazo 2,345,000, inaizidi Greenland yenye zipatazo 2,166,000. Mtoto anayeitazama ramani hiyo bila kuuliza kipimo hujifunza udogo wa kwao.

Asilimia nayo ina hila yake: hutaja sehemu ikakificha kizima. Bei ya 1,000 ikipandishwa kwa asilimia 20 huwa 1,200. Ikishushwa kwa asilimia 20 hairudi 1,000, bali hushuka hadi 960, kwa kuwa zile asilimia za pili ni za kizima kingine. Mishahara yote ikiongezwa asilimia 10, mwenye 200,000 hupata nyongeza ya 20,000, na mwenye 2,000,000 hupata 200,000. Uwiano haukubadilika, lakini tofauti baina yao imetoka 1,800,000 ikawa 1,980,000. Atakayesema wote wametendewa sawa hakusema uongo; atakayesema pengo limepanuka naye kasema kweli.

Wako watakaosema kwamba mwalimu wa hesabu ana mtihani mbele yake, na maadili yana kipindi chake. Twakubali kuwa mtihani haungoji. Lakini mwanafunzi huyu kesho atakopa, atauza, atagawa urithi, pengine atapanga mishahara ya wengine. Asiyejua hesabu hudhulumiwa. Ajuaye hesabu asiyejua kuuliza aweza kudhulumu huku akijiona mwadilifu, kwa sababu jibu lake limetimia. Wala si kila kitu huwiana: yai moja likiiva kwa dakika 8, mayai matano katika sufuria moja hayahitaji dakika 40. Kujua pasipofaa kanuni ni sehemu ya kuijua kanuni.

Kwa hiyo twapendekeza jambo dogo. Mwalimu wa hesabu na mwalimu wa Kiswahili wakubaliane kwamba jibu la uwiano au la asilimia lisiachwe kuwa tarakimu peke yake. Liandikwe kwa sentensi kamili: asilimia ngapi, ya kitu gani, kwa kipimo gani. Mtoto atakayeizoea sentensi hiyo daftarini ataiuliza pia sokoni, na hatapunjwa kwa urahisi.