Sinia Mlangoni

Nilipokuwa kidato cha pili, mama na wazazi wenzake wanne walianzisha mpango wa kuwafunza watoto wao uongozi. Kila Jumamosi vijana 12 tulikutana sebuleni kwetu, Mbezi Beach. Tulijifunza kuendesha kikao, kupanga bajeti na kuzungumza mbele za watu bila kutetemeka. Leo nikiwasilisha mada kwenye darasa la uzamili, najua ujasiri huo ulitoka wapi.

Dada wa kazi aliyetuletea juisi alikuwa na miaka 15, rika letu. Shule aliishia darasa la saba. Siku moja tulijadili maana ya kusema kiongozi ni mtumishi, naye amesimama mlangoni na sinia akisubiri glasi. Nilimpa yangu bila kumtazama.

Je, mzazi anatenda haki anapompa mwanawe nafasi ambayo mtoto wa mwenzake hana? Plato, katika Jamhuri, alipendekeza watoto wa walinzi wa dola walelewe kwa pamoja, mzazi asimjue mwanawe. Dawa hiyo naiona kali kuliko ugonjwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukiuondoa, nani atakesha na mtoto mwenye homa?

Tena milango iliyofungwa haifanani. Mwaka 1938, mjini Philadelphia, Marion Stubbs Thomas na akina mama wenzake Wamarekani weusi walianzisha Jack and Jill of America, ili watoto wao wapate nafasi ambazo ubaguzi wa rangi uliwanyima. Walijijengea chumba chao kwa sababu vyumba vya wengine vilifungwa. Hata wao, kwa kuwa mtu huingia kwa mwaliko, wamelaumiwa kwamba chama chao ni cha wenye nacho. Sisi wa Mbezi Beach nani alitufungia mlango?

Mpango wa mama bado upo. Mwezi uliopita aliniomba nikafundishe somo la uadilifu. Nikamkumbusha yule dada na sinia lake. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, nilikuwa na Jumamosi moja tu kwa wiki. Ulitaka nimpe nani?"

Sikuwa na jibu. Bado naamini hakukosea kunipa mimi. Kumpenda mwanao kwanza si dhambi. Tatizo linaanza pale upendo huo unapoitwa uongozi. Watu tutakaowaongoza wako nje ya sebule ile, na kijana asiyefundishwa kuwaona amefundishwa kutumikiwa.

Nilikubali kufundisha kwa sharti moja: dada anayefanya kazi pale sasa apewe kiti, na glasi tuzikusanye wenyewe. Mama akasema sawa. Nilijisikia vizuri mpaka usiku, nilipokumbuka kwamba dada mwenyewe sikumuuliza kama anataka kuja. Hata jina lake silijui.