Onja Kwanza, Chumvi Baadaye

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu, kakumbatia kompyuta ya mezani iliyofunikwa kanga ya mama yake, kama mtoto anayepelekwa kliniki. "Shikamoo mzee. Linux imeniulia kompyuta. Inaganda tu." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia tua mzigo, keti, kunywa maji. Neno hilo, inaganda, nimelisikia kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu enzi zile Ubuntu walipokuwa wanatutumia diski za bure kwa njia ya posta, na kila anayelileta huja na uso ule ule: uso wa mtu aliyeacha chungu jikoni akaenda kupiga soga, akarudi akakuta moshi.

Wanangu, siwagombezi. Najua mlikotoka. Mmenunua kompyuta ya mtumba, imeshushwa kwenye kontena, ina miaka kumi ama kumi na tano mgongoni. Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nyingi za kompyuta hizo zilikuwa bado nzima ila Windows 11 haizitaki. Linux inazipokea. Ni ya bure, ni nyepesi, na mwenye nacho na asiye nacho wanaipata sawasawa. Kuitafuta ni akili. Kosa linakuja baadaye, pale inapoganda na mkono unapotangulia macho.

Nilimuuliza swali langu la siku zote: "Iliganda wapi?" Akanieleza alichofanya. Alianza na Ubuntu, ikaganda. Akaja na Mint, ikaganda. Akabadilisha flashi, akaleta Fedora, akabadilisha waya wa umeme, akagusagusa mipangilio ya kuwakia ambayo hakumbuki ilikuwaje mwanzo, kisha akarudi Ubuntu. Mara sita ndani ya siku mbili. Nikamwambia, baba, sikuuliza umefanya nini, nimeuliza umeona nini. Akanyamaza. Mchagua nazi hupata koroma, na huyu nazi zake zote alikuwa anazivunjia kwenye jiwe moja bovu.

Hapo ndipo ninapotaka mkae nami kidogo. Mpishi akionja mchuzi akaona una kasoro, hamwagi chumvi, ndimu na pilipili kwa mpigo mmoja. Akifanya hivyo, mchuzi ukiharibika hajui kilichouharibu, na ukitengemaa hajui kilichoutengeneza. Kesho atakosea tena pale pale. Anaonja. Anatia kitu kimoja. Anaonja tena.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kama kweli imeganda. Kuna taa ndogo ya Caps Lock kwenye kibodi. Bonyeza. Taa ikiwaka na kuzima kwa amri yako, kiini cha mfumo, kile mafundi wanakiita keneli, bado kinapumua, na kilichokwama ni kioo tu au dirisha la kusakinishia. Shika Ctrl, Alt na F3, huenda ukaletewa ukurasa mweusi wa maandishi. Andika sudo dmesg, usome mistari ya mwisho, maana mashine ikikaribia kuzimia mara nyingi husema kinachoiuma. Taa ikipepesa yenyewe bila kuguswa, keneli imekumbwa na hofu na haitarudi. Taa ikiwa imekufa kabisa, basi ndiyo, imeganda. Hata hivyo usikimbilie kuchomoa waya. Shika Alt na kitufe cha SysRq, ambacho mara nyingi ndicho hicho cha Print Screen, kisha ubonyeze S, halafu U, halafu B, taratibu, ukiacha pumzi kati ya kimoja na kingine. S inahifadhi kilichokuwa kinaandikwa, U inaifunga diski isiandikwe tena, B inawasha upya. Kwenye Ubuntu njia hiyo imeachwa wazi makusudi. Ikikataa hata hapo, ndipo ushike kitufe cha kuzimia.

Mara nyingi, lakini, mashine haijaganda hata kidogo. Imechoka. Ubuntu ya kawaida inataka RAM ya GB 4 au zaidi, na wewe umeipeleka kwenye kompyuta ya GB 1. Hiyo ni kupika pilau la harusi kwenye sufuria la chai: wali hauungui, haupikiki, unakaa tu. Taa ya diski inawaka mfululizo kwa sababu mfumo unahamisha mizigo kutoka kwenye RAM kwenda kwenye diski na kurudi, siku nzima. Dawa yake ni kuchukua Lubuntu au antiX, ambazo zinatosheka na kidogo. Wakati mwingine mstari wa maendeleo umesimama pale unapopakua masasisho kwa intaneti ya kukatika. Chomoa waya wa mtandao, sakinisha bila intaneti, masasisho yatakuja baadaye. Nimeona watu wakizima mashine iliyokuwa imebakiza dakika kumi.

Ukishahakikisha kwamba imeganda kweli, jiulize: inaganda pale pale kila mara, au popote? Wali ukiungua upande ule ule kila siku, tazama sufuria. Ukiungua leo huku kesho kule, tazama moto.

Inayoganda pale pale, mara nyingi tatizo liko kwenye programu, kwenye flashi, au kwenye kifaa kimoja ambacho mfumo unajaribu kukiamsha. Kioo kikiwa cheusi mara tu baada ya menyu ya kwanza, shuku kadi ya picha, hasa zile za zamani za Nvidia. Kwenye menyu hiyo bonyeza herufi e, tafuta mstari ulioandikwa quiet splash, ongeza neno nomodeset baada yake, bonyeza F10. Ikiwaka, umejua ugonjwa. Neno lile ni gongo la kutembelea tu. Mguu wenyewe unatibiwa baadaye kwa kuweka dreva inayofaa. Ikiganda wakati wa kunakili mafaili, kagua kwanza ulichopakua: amri ya sha256sum itakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na ni lazima ufanane na ule uliotolewa na wenye mfumo, herufi kwa herufi. Ukitofautiana, unga wako una mchanga. Hata ukande vipi, chapati itasagika menoni.

Kisha diski. Washa Linux kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, weka programu ya smartmontools, uandike sudo smartctl -a na jina la diski. Tazama mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Ikisoma sifuri, shukuru. Ikiwa na namba, na kesho namba ikapanda, diski hiyo inakufa, na kila jaribio lako jipya linaipunguzia siku. Toa vitu vyako kwanza, mengine baadaye.

Inayoganda popote, hiyo ni moto: joto, umeme, au RAM. Mashine ikidumu dakika ishirini ikiwa baridi, kisha ukiiwasha tena papo hapo ikadumu dakika tatu, hilo ni joto. Fungua kasha. Utakuta vumbi limejishona kwenye mapezi ya kipozea kama sufi ya mto, na ile dawa ya kupitishia joto chini yake imekauka kama ukoko. Kabla ya kununua chochote, iache wazi, ielekezee feni ya mezani, uone kama itadumu zaidi. Tazama na vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Vikiwa vimevimba kichwani kama maandazi, umeme hautulii tena. Mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikufa kwa ugonjwa huo.

Tukarudi kwa kijana wangu. Nilimpa daftari la shule na kalamu, nikamwambia leo mimi sigusi kitu, wewe utawasha na utaandika. Aliguna, lakini aliandika. Saa nne na dakika kumi, imewaka. Saa nne na dakika kumi na saba, imeganda wakati wa kuchagua saa za eneo. Mara ya pili iliganda ikinakili mafaili. Mara ya tatu, kabla hata menyu haijakaa vizuri. Akayatazama maandishi yake mwenyewe, akainua kichwa: "Mzee, ni popote." Nikamwambia, na kipozea umekigusa? Akakigusa. Baridi. Basi joto tukaliweka pembeni kwanza, tena kwa kidole tu.

Tukawasha Memtest86+, programu inayopima RAM kabla mfumo wowote haujaamka, na ambayo flashi nyingi za Linux huja nayo. Nilimwambia tunaweza kuiacha mpaka kesho, maana kosa la RAM lina tabia ya kujificha. Haikufika huko. Kabla chai haijapoa mistari myekundu ilikuwa inashuka kwenye kioo kama upele. Tulichomoa vijiti vyote viwili, akafuta meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akarudisha kimoja. Safi. Akakitoa, akaweka cha pili kwenye tundu lile lile. Upele. Kijiti kimoja cha GB 2, kitu kinachoingia kwenye mfuko wa shati, ndicho kilichofanya Ubuntu, Mint na Fedora zisingiziwe.

Ningependa hadithi iishie hapo. Kompyuta ile ilikuwa ya mama yake, na mama ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwao. Hesabu zote, nani kachangia, nani kakopa, nani kabakiza nini, zilikuwa humo. Kwenye jaribio la kwanza kijana alichagua kufuta diski nzima, kwa sababu ndicho kilichoandikwa juu kabisa na alikuwa na haraka. Hakunakili hata faili moja. Na yale majaribio mengine matano, kila moja lilipanda juu ya lililotangulia, kama kufinyanga chungu juu ya maandishi ya mchanga. Nilikaa siku mbili na programu za kufukua. Tukapata picha za harusi ya dada yake, karibu nusu. Hesabu hazikupatikana.

Sikumkaripia. Alikuwa ameshajikaripia vya kutosha, na mtu aliyekwisha kuungua haonyeshwi moto. Nilimsindikiza kwao. Yule mama alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, mwite kila mtu aje na daftari lake." Maana akina mama wale, kabla ya kompyuta na baada ya kompyuta, kila mmoja alikuwa na kidaftari chake chenye mihuri na sahihi za kila Jumapili. Walikaa kwenye mkeka wakasoma mmoja baada ya mwingine, na kijana akaingiza. Ilichukua mchana kutwa. Wawili walitofautiana kwa mchango mmoja, wakasameheana. Kilichokiokoa kikoba ni kalamu.

Hata Linux yenyewe ilikua kwa njia hiyo. Mwezi Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, aliwatangazia watu kwamba anatengeneza kimfumo kidogo kwa kujifurahisha, akawaomba maoni. Walioikuza ni wale waliorudi na walichokiona. Miaka mingi baadaye, kompyuta ndogo zenye prosesa za Intel za kundi la Bay Trail, zilizotoka 2013, zilikuwa zinaganda ovyo kwenye Linux, na hakukuwa na vumbi wala RAM mbovu. Watu wa nchi mbalimbali waliandika mashine zao zilidumu saa ngapi, na kwa mpangilio upi, mpaka ikajulikana kwamba prosesa ilikuwa inalala usingizi mzito mno na haiamki. Ukiongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari ule ule wa nomodeset, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, betri inaisha mapema kidogo, na kuganda kunakoma. Wapo waliokuwa wameshazitupa.

Kwa hiyo, wanangu, nakilini vitu vyenu kabla ya kugusa chochote. Badilisheni kitu kimoja, muwashe, muandike. Mkichoka, laleni, kompyuta iliyokaa miaka kumi na tano haitakimbia usiku mmoja. Haraka mtakuwa nayo tu, ni ya ujana, hata mimi sikuzaliwa na mvi. Ila iwekeeni daftari pembeni.

Kijana alirudi jana kuchukua kijiti cha mtumba nilichomtafutia. Alikuja na kanga, safari hii imekunjwa, na ndani yake lile daftari. Alinifungulia ukurasa. Jumatatu, saa tatu na robo usiku, Lubuntu, GB 2, imewaka. Jumanne, imewaka. Jumatano, mama ameingiza mchango, nimenakili kwenye flashi, imewaka.