Wageni Wanaong'oa Magugu

Somo: Yeremia 28, na 29:1–14



Tufani Ragasa ilipotua pwani ya Yangjiang tarehe 24 Septemba 2025, Guangzhou ilikuwa imesimamisha shule, kazi na usafiri. Tulijifungia na watoto, tukaomba. Kulipotulia, baadhi yetu tuliungana na majirani wa hapa Pazhou kusafisha bustani iliyo karibu na ule mnara wa kale, uliokamilika mwaka 1600, ambao mabaharia waliutumia kama alama.

Matawi yaliyoanguka hayakutusumbua sana. Jasho lilitutoka kwenye mikania, gugu linalotambaa ambalo Wachina huliita weiganju. Hupanda juu ya mti na kuufunika kama shuka mpaka ukose jua. Ukilikata na kuacha kipande cha shina kwenye udongo mbichi, kinatoa mizizi upya, kwa hiyo kila kipande hutiwa guniani. Ndugu zetu wa Kisumu na Mwanza wanajua shida ya namna hii: gugu maji lilivyofunga njia ya mitumbwi ziwani. Yote mawili asili yake ni Amerika.

Mtoto mmoja akauliza: "Mbona tunang'oa mgeni, na sisi ni wageni?"

Swali hilo tusilipite haraka, maana watoto wetu hulisikia neno hilo "mgeni" kila siku. Mahindi na mihogo navyo vilitoka Amerika, na hakuna mama anayeving'oa shambani kwa sababu hiyo. Mikania hailaumiwi kwa kutoka mbali. Inang'olewa kwa kuwa inamnyima jirani yake jua.

Sasa tumsikilize Yeremia. Nabii Hanania aliwaahidi watu kwamba miaka miwili tu mambo yangerudi kama zamani. (Nani kati yetu hakusema hivyo alipopanda ndege?) Yeremia akaandika barua, ikapelekwa Babeli kwa mkono wa Elasa na Gemaria, na hesabu yake ilikuwa miaka sabini. Jengeni, akawaambia, pandeni bustani, uombeeni mji huo. Wengi waliopanda miche ile hawakurudi kwao kamwe. Tena mji wenyewe ulikuwa wa mfalme aliyewateka! Sisi hakuna aliyetuleta kwa minyororo. Tulikuja kwa biashara na masomo. Basi anayesema, "Viza yangu inaisha Machi, bustani ya watu inanihusu nini?" aisome barua hiyo taratibu, akijua kwamba Mungu hakuwaagiza wapande kwa sharti la kukaa.

Mikania huchanua kuelekea mwisho wa mwaka, na mbegu zake hubebwa na upepo. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tunarudi kabla haijachanua. Njoo na glavu, nguo za mikono mirefu na maji ya kunywa. Wazee watakaa kivulini wafunge magunia, na watoto waje.