Asilimia 90 ya Nani?

Lyulilo iko mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, jirani na Matema, wilayani Kyela. Mbele ni maji. Nyuma, Milima ya Livingstone imesimama wima, ikipanda zaidi ya mita 1,500 juu ya ziwa. Vyungu vya Wakisi wa kijiji cha Ikombe huletwa hapa kwa mitumbwi siku ya gulio, na muuzaji anaweza kuwa anapatana bei na mteja wa Mbeya, akasogea kidogo nyuma ya mwamba, simu ikakata. Aliye kwenye mtumbwi, mbali zaidi na mnara, anaendelea na maongezi yake: kati yake na mnara hakuna kitu ila maji.

Ramani ya mtandao kwa kawaida haichorwi kwa kupita nyumba hadi nyumba. Hukokotolewa. Mwaka 1968 mhandisi Okumura na wenzake walichapisha vipimo vya mawimbi walivyovifanya Tokyo na kandokando yake. Mwaka 1980 Hata akavigeuza kuwa fomula inayotumika mpaka leo. Fomula hiyo inataka masafa, urefu wa antena na umbali. Kisha inauliza: hapa ni mji, kiunga cha mji, au uwanda wazi?

Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini kwenye masafa ya megahezi 900 ukijibu “uwanda wazi” badala ya “mji”, nguvu ya mawimbi inayokadiriwa huongezeka takriban mara 700. Sasa Kyela ni ipi? Ukitoka kwenye maduka ya mjini hukawii kuingia kwenye mpunga, halafu migomba, halafu kokoa iliyofunga kivuli, na katikati yake nyumba za tofali za kuchoma zilizoezekwa bati. Tokyo haikuwa na kokoa.

Tatizo hili lilijulikana kabla ya redio yenyewe. Mwaka 1866, miaka zaidi ya ishirini kabla ya mwanafizikia Hertz kuyathibitisha mawimbi ya redio, Mwingereza John Venn aliandika kwamba kila mtu yumo katika makundi mengi kwa wakati mmoja, na kila kundi lina uwezekano wake. Nyumba ya Lyulilo ni ya kijijini, ni ya ufukweni, na ni ya chini ya mlima. Ukiihesabu na za ufukweni, mtandao upo. Ukiihesabu na za chini ya mlima, haupo. Anayechagua kundi ni mhandisi, si maumbile. Mwanahisabati Richard von Mises alikwenda mbali zaidi: kwake uwezekano ni sifa ya kundi tu, na kuuzungumzia kwa mtu mmoja hakuna maana.

Wahandisi wanalijua hilo kwa namna yao. Tofauti ambazo fomula haizioni, kama kilima, ukuta au mti, huzichukulia kama bahati nasibu na kuziita kivuli, kisha huweka akiba ya desibeli kama kumi ili pembezoni mwa eneo la mnara sehemu tisa kati ya kumi zipate mawimbi. Hesabu ni safi. Mnunuzi wa mchele wa Kyela naye huchota konzi moja akalijua gunia zima, lakini huiamini konzi hiyo kwa sababu gunia limechanganyika. Mwambao haujachanganyika. Sehemu ile ya kumi haizungukii kaya kwa zamu. Imekaa nyuma ya mwamba uleule, Jumatatu hadi Jumapili, na anayeishi hapo haoni asilimia 90 ya chochote.

Mwanahisabati Laplace, mwaka 1814, aliona kwamba uwezekano ni kipimo cha kutojua kwetu. Akili inayojua kila nguvu na mahali pa kila kitu, alisema, isingekuwa na shaka juu ya lolote. Waumini wa Kyela, ambako Wamoravian na Walutheri wamehubiri tangu miaka ya 1890, wangeitambua akili hiyo upesi, ingawa Laplace mwenyewe hakuwa akihubiri. Ikiwa alikuwa sahihi, bahati iliyoandikwa kwenye ramani haimo mlimani. Imo ofisini, kwa mtu ambaye hajafika mlimani.

Na sehemu ya kutojua huko imekwisha kupungua. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilipima kwa rada, kwa siku 11, miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia. Milima ya Livingstone imo katika kompyuta, na mpangaji anayeiacha hawezi kusema ni kivuli cha bahati. Vilivyobaki gizani ni vidogo: bati, ukuta, dirisha linaloelekea ziwani au mlimani. Kwa nyumba ya bati, hatua tano hadi uani zinatosha kubadili jibu.

Hili lina uzito kwa sababu ruzuku hufuata ramani. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, huyasaidia makampuni kujenga minara pasipo na faida. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758. Mahali palipokwisha kupakwa rangi ya mtandao kwenye ramani ni vigumu kupaombea mnara wa pili. Siku hizi simu zenyewe hutuma vipimo kwa makampuni, jambo jema, isipokuwa simu isiyoshika mtandao haiwezi kutoa taarifa hiyo pale ilipo, na gari la vipimo hupita penye barabara. Ikombe kwa miaka mingi watu walifika kwa mtumbwi au kwa miguu.