Deni la Maji Yanayopotea Hewani

Mchimbaji wa changarawe katika bonde la mto South Platte, jimboni Colorado nchini Marekani, hakusudii kuchukua maji; hata hivyo, shimo lake linapofikia maji ya ardhini, yaani yale yaliyojaa katika tabaka la mchanga na kulisha mto polepole, bwawa hufunuka juani na maji hupotea kwa uvukizi, hata miaka mingi baada ya mitambo kuondolewa. Sheria ya huko, inayompa kipaumbele aliyetangulia kuyatumia maji, humtaka afidie upotevu huo kwa kiasi, mahali na wakati unaowalinda waliomtangulia. Kwa mtazamo wa Aristotle kuhusu haki ya urekebishaji, ile inayorudisha usawa baina ya aliyepata na aliyepoteza, maji yaliyonunuliwa kutoka shamba jingine yanatosha. Lakini usawa huo huwahesabu wenye haki zilizosajiliwa tu: mkondo wenyewe ulianza kulindwa kisheria mwaka 1973, kwa haki changa zinazosimama nyuma ya foleni, ilhali mashimo yaliyofunua maji kabla ya 1981 yalisamehewa fidia ya uvukizi, ingawa nayo yanaendelea kupoteza maji vilevile.